Anayeamka Mahali Pangu

Nalala juu ya vitambaa vya viti, katika stoo ya nyuma ya ukumbi, mchana kweupe, na harusi ya watu inaningoja upande wa pili wa ukuta. Msinicheke. Mimi ndiye mshereheshaji mwenyewe, yule mwenye gauni la njano anayeshika maiki na kuwainua wajomba wazito kwenye viti wacheze hata kama hawataki, MC Salha, ukitaja jina hilo mjini kwetu watu wanaanza kutabasamu kabla sijafungua mdomo. Na hapa nimejikunja, nalia, na sijui nalilia nini. Hakuna aliyekufa. Hakuna aliyeniacha. Mwanangu Mkunde yuko shule ya bweni, mzima, mume wangu Mhina yuko ukumbini anapanga spika zake, maana yeye ndiye mpiga muziki wangu, tunafanya kazi pamoja tangu hatujaoana. Bibi harusi bado yuko saluni. Kila kitu kiko sawa, asiye sawa ni mimi tu. Imekuja tena. Huja hivi hivi, bila hodi, inakaa siku mbili tatu, chakula hakipiti, usingizi hauji, mtu akinisemesha naona ananionea, halafu asubuhi moja naamka imeondoka, napika, naimba, nacheka, na kila mtu ananiambia si unaona. Mwezi uliopita ilikuja, na mwezi wa kabla yake pia. Redioni niliwahi kusikia wanaizungumzia sonona, nikazima redio, nikasema hiyo ni ya wale wanaolala kitandani miezi mizima, mimi yangu ni ya siku chache, nani atanisikiliza. Lakini leo imekuja na jambo jipya. Leo, nilipokuwa nakunja vitambaa, limenijia wazo kwamba watu wangu wangepata nafuu nisingekuwepo, likakaa pale kichwani limetulia, wala halikunitisha, na kule kutonitisha ndiko kulikonitisha. Nikamuita Mhina. Baba Mkunde, njoo mara moja. Nikamuita tena. Hakuja. Na asubuhi nilipomwambia kwamba imerudi, alinijibu huku anazungusha waya mkononi, hata uso hakuinua: itapita, Mama Mkunde, si hupita? Basi naweka shavu juu ya vitambaa, vina harufu ya sabuni na ya pilau za harusi zilizopita, nafumba macho, na vitambaa vinaanza kwenda.

Vinakwenda, vinajikunjua chini yangu kimoja baada ya kingine mpaka vinakuwa barabara, nyeupe, ndefu, sioni mwisho wake, nami nimesimama juu yake miguu mitupu. Kando yake kuna barabara nyingine, na kando ya hiyo kuna nyingine, kila moja inapinda kama inayotaka kuingia kwa mwenzake na haifiki. Mbele kuna mageti mawili, la kulia na la kushoto. Pale getini amesimama mtu nadhifu, amevaa skafu ya kamati ya harusi begani, ya zambarau, vifungo vyote amefunga, ila hana uso. Mahali pa uso ni ngozi tupu, laini. Simwogopi. Nimeona mengi leo, asiye na uso si kitu. Namsogelea nimweleze, kwamba naumwa mahali pasipoonekana, kwamba natafuta mtu wa kunitazama, nami nimeshayapanga maneno yangu vizuri, lakini yeye ananiwahi. Habari za utokako? Na mdomo wangu, mdomo huu huu ninaoulisha kila siku, unajibu wenyewe: salama tu. Aliye salama apite kulia, anasema, anafungua geti la kulia, na kitu kinanisukuma napita. Barabara inapinda, inapinda tena, naona ukuta mweupe, naona geti, naona skafu ya zambarau. Nimerudi pale pale. Habari za utokako? Salama, namshukuru Mungu. Kulia. Naapa safari hii sitajibu. Nazunguka, nafika, nimebana meno. Watoto hawajambo? Hawajambo. Na nyumbani? Kwema. Kulia. Ebo! Mtu anaweza kuugua mpaka akafa huku anasema kwema. Lakini ndivyo tulivyolelewa, ningefanyaje? Kwetu hata mfiwa, maiti iko ndani, turubai halijafungwa, ukimuuliza habari atakwambia salama, ila ndiyo hivyo, tumefiwa. Habari yenyewe iko baada ya ile ila, na huyu wa getini hana muda nayo, mimi nikiwa kwenye salama yeye ameshashika komeo.

Nazunguka na hasira zangu, na barabara inanirudisha na kumbukumbu, maana hili geti nimeshalipita nikiwa macho. Mwezi uliopita nilikwenda kituo cha afya. Nilikwenda mwenyewe, sikulazimishwa na mtu, tatizo ni kwamba nilikwenda ikiwa imeshaondoka. Siku zile mbaya sikuweza hata kufunga kanga nikatoka mlangoni, na siku nilipoweza nilikuwa mzima. Daktari, kijana wa watu, akaniuliza, hujambo mama, nikasema sijambo, nikamtania kwamba koti lake linamtosha yeye na mchumba wake, akacheka mpaka akafuta macho, akaniandikia vidonge vya kichwa. Ni kama gari linalogonga njia nzima, ukilifikisha kwa fundi linanyamaza. Nikarudi nyumbani na vidonge vyangu na Mhina akaniambia, si unaona, hata daktari kasema huna kitu. Sasa nafika tena getini, nimechoka, na safari hii naziba mdomo kwa kiganja. Yule asiye na uso anauliza habari za utokako. Najibana. Kimya kinakuwa kirefu, kinatia haya, najiona mkosa adabu mbele ya mtu mzima. Anauliza tena. Salama inanipanda kooni, naimeza kwa nguvu, inashuka. Natoa kiganja nasema: si nzuri. Habari zangu si nzuri, naumwa, na leo nimewaza nisiwepo. Nasikia sauti yangu ni ndogo, haina raha, haifanani kabisa na ile ya maiki. Yule wa getini anainamisha kichwa, anavua skafu yake, anaikunja, anaiweka mfukoni, anaacha geti na kuja kutembea kando yangu. Mageti yote mawili nyuma yetu yanabaki wazi.

Tunatembea, au barabara ndiyo inayotembea nasi juu yake, mpaka unatokea mji. Nyumba zake ni za vioo, zinatazamana, kila mtaa uko mara mbili na tena mara mbili humo ndani, na ukigeuka huoni ulikotoka ila mgongo wako unaokwenda mbele. Barazani wamekaa watu, wake kwa waume, na wote wana huzuni, naitambua, nimekaa nayo. Namuuliza mwenyeji wangu hawa ni nani. Yeye hajibu kama watu. Anasema, kitendawili. Nasema, tega. Kaja mgeni, kalala, kaondoka, kaacha kitanda kimetandikwa. Namwambia sikijui hicho, na mimi si mtoto wa kutegewa vitendawili nikiwa naumwa. Anasema, waulize wao. Nainama kwa mwanaume mmoja wa makamo, jina lake Hoza, amekalia kigoda, kufuli kubwa liko mapajani. Ananiambia amefunga duka la baba yake, biashara ilikufa mikononi mwake, amekaa hapa analia na hana haya ya kulia. Usingizi ulimpaa, chakula kikamshinda, mkewe akakaa naye, hakumwambia nyamaza. Lakini jana amekula kidogo, anasema, na leo jirani kamtania kuhusu ndevu zake akataka kucheka. Namuuliza anajuaje kwamba itakwisha. Ananitazama kama niliyeuliza jambo la ajabu. Anasema anaijua ilikoingilia, kila siku anaiona inasogea kuelekea huko huko, na akiona imekaa tu, wiki zinapita haisogei, hatasubiri aambiwe, atakwenda kutibiwa. Huku anasema anainuka, anakung'uta suruali, anabeba kigoda chake na kuingia ndani ya kioo, na kule ndani namuona anakwenda zake, mdogo, mdogo zaidi, hakubebwa na mtu. Namwonea wivu mpaka machozi yananitoka.

Sasa na yangu, namuuliza mwenyeji, mbona na yangu huja na kuondoka, mbona mimi sikai baraza moja na hawa? Kitendawili, anasema. Tega basi. Kaja mgeni, kalala, kaondoka, kaondoka na ufunguo wa nyumba. Nasimama. Vioo vyote vinasimama nami. Namfikiria huyo mgeni anavyoingia mwezi huu, na mwezi ule, bila hodi, anavyojua kiti changu kilipo na chungu changu kilipo, na sisi kila akitoka tunashangilia kwamba ameondoka. Huyo hajaondoka, nasema. Huyo amekwenda matembezini tu. Umepata, anasema, na kwa mara ya kwanza sauti yake inalainika kidogo. Halafu ananiambia jambo bila kulifunga kwenye kitendawili, labda ananihurumia. Mwenye ufunguo humngoji aje ndipo uhangaike naye, unabadili kitasa akiwa nje, siku hiyo hiyo unayojiona mzima. Na siku akija na neno la kutokuwepo, hungoji aondoke, hungoji hata kesho, unatoka mbio kama mtu ambaye nyumba yake inaungua. Namuuliza nani atanibadilishia kitasa, mimi sina ufundi huo. Ananyoosha mkono. Mwisho wa mtaa kuna mlango wa mbao, wa rangi ya maziwa, wa kawaida kabisa, ndio mlango pekee usio kioo katika mji mzima. Anasema, huko, na mimi nainua gauni nakwenda.

Nakwenda, na kila dirisha ninalolipita naomba, jamani nisindikizeni, nisaidieni kubisha, peke yangu siwezi, na kila dirisha mtu anatoa kichwa kisicho na uso na kunijibu kwa upole kabisa, lakini si umepita hapa sasa hivi ukatuambia umepona? Mwingine anasema, ulituambia ulikuwa umechoka tu. Mwingine anasema, mama, ulituomba radhi kwa kutusumbua, ukatuchekesha, ukaenda. Nani huyo? Mimi sijapita hapa. Ndipo namuona, mbele, kwenye kona, pindo la gauni la njano. Nakimbia. Anakata kona, nakata kona, mtaa unarudi ulikoanza, namuona tena, anagonga madirisha kwa vidole, ana kicheko kizuri, kicheko kile ambacho watu hutuma gari kukifuata. Yule aliyekuja kabla yangu msimjali, anawaambia. Hakumaanisha. Mchoko tu, hali ya hewa tu. Na madirisha yanafungwa moja moja, taratibu, bila chuki. Nimekuwa nikimlaumu Mhina, nimekuwa nikimlaumu kijana wa koti kubwa, kumbe kuna mtu anapita nyuma yangu anafunga kila mlango ninaoufungua. Hasira inanipa miguu nisiyokuwa nayo. Namkamata begani mbele ya ule mlango wa mbao, namgeuza, na uso anao, mzuri, umepakwa poda, una wanja, ni uso wangu. Nageuka kwenye kioo cha ukutani nijitazame mimi. Pale pangu hapana uso.

Umeniuza, namwambia. Watu baki wangenifanyia hivi ningesema ndio dunia, lakini wewe? Nikitoka nje kwa magoti kuomba msaada, wewe unakuja asubuhi na maji ya waridi unafuta nyayo zangu. Nimelia kwa Mhina, ukamwambia nilikuwa natania. Nimefika mpaka kwa daktari, ukanikalia kiti. Leo nimewaza nisiwepo, Salha, na kesho ungeamka ukaiita hiyo hali ya hewa. Ananitazama. Kicheko kinamtoka usoni kidogo kidogo, nachukia kuona kwamba hata akinuna ni mzuri. Halafu ananijibu, wala hanipigii kelele. Anasema, mimi sijawahi kukuona. Nikiamka wewe umeshaondoka. Nakuta mto umelowa, nakuta mume ananitazama kwa jicho la kuibia, nakuta mtoto kwenye simu anauliza mama umepoa, nami sijui nilisema nini, sijui nilifanya nini, ninachokuta ni aibu tu, tena nimebebeshwa bila kuulizwa. Ningefanya nini? Naichukua nazunguka nayo kuwaomba watu radhi. Na kazi nani anafanya? Nani atamuita mshereheshaji anayelia? Nimekuweka mjini kwa kicheko hiki unachokitukana. Namwambia si kweli kwamba hajui, mtu hasahau kiu kwa sababu ameshiba maji. Anasema, basi na wewe sema kweli, ukiwa kwako huko gizani unanikumbuka mimi? Unaamini kwamba nipo? Siku zile siamini kabisa kwamba niliwahi kucheka, naona wote waliowahi kunipenda walipenda kiini macho. Tunasimama tunatazamana, wawili tuliolala kitanda kimoja miaka yote hatujawahi kukutana, na mimi bado nimemkasirikia, bado naona amenisaliti, ila nimemshika mkono kwa sababu nikimwachia atakwenda kugonga madirisha.

Nabisha mlango kwa mkono mwingine. Unafunguka. Ndani kuna chumba kidogo, meza, kiti kimoja cha mgonjwa, na nyuma ya meza amekaa mtu mwingine asiye na uso, ana kalamu sikioni. Nani kati yenu anaumwa? Nasema mimi, na yeye anasema hakuna, kwa pamoja, kwa sauti moja. Mtu wa meza anasema, huyu analia namuona, huyu anacheka namuona, nikimtibu anayelia nitaambiwa hayupo, nikimsikiliza anayecheka nitamrudisha nyumbani. Ni nani aliyewaona nyote wawili? Tunatazamana. Jibu tunalo, na hakuna anayetaka kulitaja, yeye kwa aibu na mimi kwa uchungu. Mhina, nasema mwishowe. Mume wangu ametuona wote. Basi njooni naye, anasema. Nilimuita hakuja, nasema, nilimuita mara ya kwanza, nikamuita tena, ni ukuta mmoja tu uliokuwa kati yetu. Mtu wa meza anatoa kalamu sikioni. Umemuuliza kama alisikia? Sijamuuliza. Kwa nini hujamuuliza? Nataka kumwambia kwamba kama hakusikia nitaweza kuishi, na kama alisikia sijui, lakini chumba kinaanza kukunjwa, meza inakunjwa, kiti kinakunjwa, mkono niliokuwa nimeushika unakuwa mkono wangu mwenyewe ninaoulalia, na mtu ananitikisa mguu.

Mama Mkunde. Bibi harusi amefika, gari liko nje, watu wamesimama. Mhina yuko mlangoni mwa stoo, mwanga uko nyuma yake, na kwa muda sioni uso wake, naona umbo tu. Nakaa. Na hapo ndipo naogopa kweli, kuliko nilivyoogopa huko kote, kwa sababu sina kitu. Uzito umeondoka. Kifua ni chepesi, njaa inaniuma, nasikia vigelegele nje na miguu yangu inavitaka. Sijui ni nani kati yetu aliyeamka. Nakuja, baba, nilisinzia tu, mdomo unasema, na sauti ni ile tamu, ya maiki. Namuona Mhina anashusha mabega kwa nafuu. Anacheka. Si nilikwambia, anasema, si hupita? Ananinyooshea mkono aniinue, nami naupokea, tayari nina utani mdomoni wa kumfungulia bwana harusi, na nusu yangu iko njiani kutoka. Nusu nyingine inashika fremu ya mlango. Haiachii.

Mhina, nasema. Nilikuita. Ulinisikia?

Anatazama waya alioushika. Angeweza kusema hapana, muziki ulikuwa juu, ningemuamini, wallahi ningemuamini nikaenda zangu kucheza. Anazungusha ule waya mkononi mpaka vigelegele nje vinapungua. Halafu anasema: nilikusikia. Mara zote. Wageni walikuwa wameanza kuingia, nikaongeza sauti wasije wakakusikia.

Basi. Nilidhani kule ndotoni ndiko nilikosalitiwa. Huyu mtu nimemzalia, nimekula naye sahani moja, na nilipokuwa nazama aliongeza muziki. Namwambia hivyo hivyo, simpunguzii. Namwambia umenificha wageni wasione, lakini mimi ndiye niliyekuwa nakufa, si wageni. Anasema naogopa, Mama Mkunde. Ukiwa vile sikujui, sijui nikushike wapi, nikingoja siku mbili unarudi mwenyewe, kwa hiyo nangoja. Anasema hayo macho yamemjaa maji, na mimi simhurumii, siku nyingine pengine, leo sina. Namwambia: leo nilipokuita nilikuwa nimewaza nisiwepo duniani. Namwambia kwa maneno matupu, bila ila, namtazama yanavyomuingia. Waya unamponyoka. Anaukanyaga. Anasema tutakwenda Jumatatu, naapa, kituo kikifunguliwa tu. Namwambia Jumatatu nitakuwa nacheka, Mhina, nitakufukuza, nitakwambia unataka kunifanya kichaa, na wewe utafurahi kuniamini. Hata sasa hivi nina hamu ya kucheka. Ni leo, hospitali kubwa, wale hawafungi. Na harusi ya watu? anauliza. Harusi ina shangazi wa bibi harusi, anaililia ile maiki tangu kwenye kitchen pati, mpe, leo Mungu kamjibu.

Tunatoka kwa mlango wa nyuma, kwenye jua kali. Nje nyuso zote za wapishi nimezitazama moja moja, zina macho, zina pua, na hilo halinihakikishii kitu, kwa sababu barabara iliyo mbele yetu ni nyeupe kwa vumbi na sioni mwisho wake. Mama mmoja anainua mwiko ananisalimu, MC, habari za harusi? Nanyamaza, napita, naacha anione mkosa adabu. Kama nimeamka, nimeamka. Na kama bado nimelala juu ya vitambaa, basi Mhina huyu wa ndotoni anipeleke hivyo hivyo, yule wa macho atatukuta huko. Kifua kinazidi kuwa chepesi kila hatua, utani unanijaa mdomoni, namuona kijana wa mapokezi nitakavyomchekesha. Nambana Mhina kiwiko. Utaingia nami chumbani, namwambia, hutabaki nje na simu yako. Mimi nitasema sijambo, nitasema nilichoka tu, na watataka kuturudisha. Wewe utasema nini? Sema, Baba Mkunde. Nitasema nilikusikia, anasema. Namwambia arudie, na akimaliza namwambia arudie tena, njia nzima, mpaka getini, nilikusikia, nilikusikia, nami kando yake nimeshaanza kucheka.